Asilimia 0.9: Hesabu Tuliyoikosea Naipingo

Fildi ya mwaka wa tatu ilinirudisha nyumbani. Tulikuwa kundi la watu watano, na kazi yetu ilikuwa kuandaa rasimu ya mpango wa barabara za mitaa katika kata ya Naipingo, wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi. Wenzangu wanne hawakuwa wamewahi kuvuka mto Rufiji kwenda kusini. Mimi ndiye mwenyeji, Bibi yangu mzaa mama anaishi hukohuko, kwa hiyo nikapewa uongozi wa kundi pamoja na jukumu la kuhakikisha watu wanakula. Ilikuwa Julai 2022. Ufuta ulikuwa unamalizika kuuzwa, korosho bado, na watu walikuwa na nafasi ya kukaa kivulini na kujibu maswali ya wanafunzi.

Naandika makala hii kwa sababu tulikosea, na kosa letu lina funzo ambalo darasani tulipewa dakika kumi tu. Tena ni kosa ambalo nimeona wengi tunalirudia kwenye ripoti, tunapata alama, tunaendelea na maisha.

Asiyeijua Naipingo aelewe kwanza sura ya mahali penyewe. Si mji, na si kijiji cha nyumba zilizobanana. Ni nyumba, kisha mikorosho, kisha nyumba mbili za ndugu, kisha shamba la mbaazi, kisha genge na kijiwe cha bodaboda, kisha mikorosho tena. Mkoa mzima wa Lindi una eneo la kilomita za mraba 66,000 hivi, na kwa sensa ya mwaka ule uliishia kuwa na watu 18 tu kwa kila kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa nchi ni kama 70. Mtu wa Dar akisimama pale anaona pori. Anajiuliza mpango wa barabara ni wa nini, na nani atapita.

Hilo swali la nani atapita ndilo linaloanza hesabu. Ili ujue barabara iwe na upana gani, lazima ujue patakuwa na kaya ngapi. Ili ujue kaya, lazima ukadirie watu. Na ili ukadirie watu unachukua idadi ya sensa iliyopita, unatafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka, halafu unaizidisha idadi hiyo mwaka baada ya mwaka hadi ufike unakotaka. Ni hesabu ile ile ya riba ya mkopo wa benki. Ugumu wake hauko kwenye kuzidisha, uko kwenye ile namba moja ndogo unayoiita kasi.

Sisi tulikuwa na sensa ya 2012. Nachingwea ilikuwa na watu 178,464 na jirani zetu Ruangwa 131,080. Kasi ya ongezeko la mkoa wa Lindi kati ya 2002 na 2012 ilikuwa asilimia 0.9 kwa mwaka, miongoni mwa zile za chini kabisa nchini, wakati Tanzania kwa ujumla ilikuwa asilimia 2.7. Hatukubishana hata kidogo. Namba ni ya serikali, ni ya mkoa wenyewe, iko kwenye chapisho. Tukaiweka. Kwa 0.9, Nachingwea ya 2022 ikatupa watu 195,000 na ushee, Ruangwa 143,000 na ushee. Tukashusha hesabu mpaka kwenye kata, tukapata ongezeko dogo la kaya, na kwa ongezeko dogo tukapendekeza njia nyembamba. Mita sita zilitutosha. Msimamizi wetu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Mmeangalia watu wanahamia wapi?" Tuliona anatusumbua tu. Tukajibu kwa sentensi moja ya kujihami, tukafunga ripoti.

Sensa ilifanyika Agosti 23 mwaka huohuo. Matokeo ya kwanza yakatangazwa Oktoba 31: Watanzania 61,741,120. Takwimu za wilaya zilipotoka nilikuwa hosteli, nikazitafuta za kwetu kabla ya kitu kingine chochote. Nachingwea 233,655. Ruangwa 185,573. Nikadhani nimesoma mstari usio wake. Nikajumlisha wilaya zote za mkoa kwa kalkuleta ya simu, ikaja 1,194,028, jumla ileile iliyochapishwa. Hapakuwa na kosa la uchapaji. Kosa lilikuwa letu. Kwa wilaya zile mbili peke yake tulikuwa tumewaacha nje ya hesabu watu zaidi ya 80,000. Ni wengi kuliko wakazi wote wa Manispaa ya Lindi mwaka 2012, waliokuwa 78,841.

Mkoa uliokuwa unakua kwa 0.9 ulikuwa umekua kwa kama asilimia 3.2 kwa mwaka. Ruangwa ilifika kama 3.5, Nachingwea 2.7. Kuna njia ya mkato ya kuonja uzito wa tofauti hiyo: gawa 70 kwa kasi ya ongezeko, utapata takriban idadi ya miaka ambayo watu watakuwa mara mbili. Kwa 0.9 unapata miaka 78. Kwa 3.2 unapata miaka 22. Barabara ya lami husanifiwa kwa kawaida idumu miaka kama 20. Kwa hiyo kwa namba ya kwanza, mtoto anayezaliwa leo atazeeka kabla watu wa Lindi hawajawa mara mbili. Kwa namba ya pili, wanakuwa mara mbili barabara ikiwa bado ile ile.

Sasa usije ukadhani dawa ni kuweka namba kubwa kila mara. Tazama Dar es Salaam. Kati ya 2002 na 2012 jiji lilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Anayeichukua kasi hiyo na kuisogeza mbele miaka kumi, kama tulivyofanya sisi, anafika 2022 akiwa na watu milioni saba na nusu. Sensa ilihesabu 5,383,728. Kasi ilikuwa imeshuka hadi kama 2.1. Na hao watu hawakupotea hewani. Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu 1,098,668, ulifika 2,024,947 katika muongo huohuo. Wapo waliofuata viwanja Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, kwenye vitongoji vya nyumba moja moja na mabanda ya kuku, mahali ambapo mpangaji wa 2012 angesema nani atapita. Kanuni moja, makosa mawili yanayoelekea pande tofauti. Mjini walizidisha, pembeni wakapunguza.

Kwa nini pembeni hesabu inayumba hivyo? Jibu la kwanza ni kwamba pale watu ni wachache, jambo moja linatosha kuigeuza namba. Kitongoji chenye kaya mia mbili kikipata kaya hamsini za wageni, kimeongezeka kwa robo. Kaya hizo hamsini zikihamia Temeke hakuna atakayejua. Jibu la pili ni kwamba kuzaliwa na kufa hubadilika polepole, lakini kuhama hubadilika kwa msimu. Upande wa Ruangwa kuna dhahabu ya Namungo, kijiji kilichoipa jina ile timu ya mpira tunayoishangilia, na kuna madini ya kinywe ambayo yameleta makampuni. Mkoa umepokea wafugaji na mifugo yao, hasa tangu walipoondolewa bonde la Ihefu katikati ya miaka ya 2000. Korosho nayo: bei ya mnadani ilipopanda msimu wa 2016 na 2017, nilimwona mjomba wangu aliyekuwa anauza mitumba Dar akirudi kusafisha shamba la mama yake. Alirudi na mke, watoto watatu na shemeji. Kwenye daftari letu la fildi kaya ile tuliiandika kama "mkazi wa kudumu", tukasahau kwamba mwaka 2012 haikuwepo.

Kasi ya muongo uliopita inakuambia yaliyowatoa watu muongo uliopita. Haikuambii kama yale yaliyowatoa bado yapo. Ndicho msimamizi alichokuwa anatuuliza kwa kalamu nyekundu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba Nachingwea ilishapata somo hili zamani, tena kwa upande wa pili, na mimi mwenyeji nililijua tangu shule ya msingi kama hadithi tu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga, ikilenga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Nchi yao ilikuwa imetoka vitani haina mafuta ya kupikia, na wapangaji wake walikuwa na haraka. Walizunguka nchi wiki chache mwaka 1946, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika makadirio. Kwa makadirio hayo ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuingia bara hadi Nachingwea. Januari 1951 mradi ukatangazwa kuwa umekwisha, ukiwa umemeza pauni zaidi ya milioni 35. Karanga hazikutosha kuijaza ile treni. Miaka ya mwanzo ya Uhuru reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni. Ukimwambia bodaboda akupeleke Stesheni anakupeleka, ila usimuulize treni inaingia saa ngapi.

Walikadiria wingi usiokuja. Halafu wakaja wasiokadiriwa na mtu yeyote: kuanzia miaka ya 1960 kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO iliwekwa hapo hapo Nachingwea, mahali panapoitwa Farm 17, jina linalotokana na mashamba ya ule mradi. Mashamba yaliyopimwa kwa ajili ya karanga yakafundisha jeshi lililoikomboa Msumbiji.

Turudi barabarani, maana kosa letu halikuishia kwenye watu. Tulihesabu pia magari. Zoezi lenyewe wote mnalifahamu: unakaa njia panda na daftari, unapiga vijiti vitano vitano, pikipiki safu yake, bajaji safu yake, gari ndogo, Hiace, Canter, Fuso. Tulikaa siku tatu za Julai. Pikipiki zilijaza kurasa, Fuso zilihesabika kwa vidole. Tukazidisha siku tatu zikawa mwaka. Bibi alikuja kutuletea mihogo, akatazama daftari, akauliza, "Mnahesabu nini sasa hivi? Hesabuni korosho zikitoka." Tulicheka. Kwa kweli alikuwa anatupa somo la sampuli.

Korosho zikianza kutoka, kuanzia Oktoba, maghala ya vyama vya msingi yanajaa, mnada unafanyika chini ya chama kikuu cha RUNALI (jina ambalo ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale zikiwa zimeshikana mikono), na malori yanashuka kuzifuata. Uharibifu wa barabara hauendi sawasawa na idadi ya magari, unaenda na uzito unaobebwa na kila ekseli, tena kwa namna kali: ekseli ikibeba uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara kumi na sita. Pikipiki elfu moja hazifui dafu kwa Fuso moja iliyoshindiliwa magunia. Kwa hiyo idadi ya watu inakusaidia kujua upana wa njia, shule iwe wapi, mtaro upite wapi. Unene wa tabaka la barabara unaamuliwa na magunia. Sisi tulikuwa tumevichanganya hivi viwili katika jedwali moja, na tulikuwa tumehesabu katika mwezi ambao magunia hayapo. Msimu wa mvua, wa kuanzia Desemba hadi Aprili, hatukuuona kabisa. Kuna mahali tulipachora kuwa njia ya kudumu ambapo Februari, nilikuja kupaona baadaye, mtu anavua viatu na kukunja suruali.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kanuni zetu hazina mahali pa kuliweka. Tunachora kana kwamba watu wanakuja kwanza, barabara inawafuata. Kwenye maeneo ya watu wachache mara nyingi ni kinyume. Tangu zilipoanza habari za lami ya Nanganga hadi Ruangwa, viwanja vya kandokando vimekuwa na bei ambayo havikuwa nayo. Gari chache, basi barabara haistahili lami. Haina lami, basi gari ni chache. Ukiyategemea magari ya leo peke yake utazunguka humo mpaka ustaafu.

Na watu wakiifuata barabara, wanajenga wapi? Kandokando kabisa. Wengine hata hawakuchagua. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi za kusini zilihamishwa kutoka mashambani zikapangwa kwenye mistari ya nyumba karibu na njia ili huduma zifike. Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, na hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ikapanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Kila Mtanzania anaijua alama ya X ukutani. Nyekundu, ulijenga ndani ya hifadhi, utabomoa na hulipwi. Kijani, sheria imekukuta, subiri fidia. Mtu alielekezwa kukaa karibu na barabara, miaka thelathini baadaye barabara inamwambia amesogea mno.

Hapo ndipo niliona uzito wa zile mita sita zetu. Njia nyembamba kwenye karatasi haimuumizi mtu mwaka unaopimwa. Kuna mikorosho tu. Inamuumiza miaka kumi na tano baadaye, nyumba zikishajaa pande zote, maji ya mvua hayana mtaro, gari la zimamoto halipiti, na njia pekee ya kupanua ni kuvunja chumba cha mtu. Ardhi ya kutosha ilikuwepo siku tuliyochora. Tuliikosa kwa desimali moja.

Mwaka wa nne niliomba kuifanya kazi ileile kuwa mradi wangu wa mwisho. Sikutafuta namba bora zaidi, kwa sababu simwamini tena mtu mwenye namba moja. Niliweka mbili. Nachingwea ya 2042 kwa asilimia 0.9 ina watu 279,500 hivi. Kwa 2.7 ina watu 398,000. Pengo ni karibu watu 119,000, na sina namna ya kusema tutaangukia wapi kati ya hapo. Nikajiuliza swali jingine: katika yote tunayopanga, kipi ni rahisi kukiongeza baadaye na kipi hakiongezeki? Changarawe unaweza kuongeza. Kalavati unaweza kubadilisha. Lami inaweza kusubiri mpaka magari yafike idadi fulani uliyoiandika mapema. Upana hauongezeki bila kubomoa. Basi upana niliupanga kwa namba kubwa, na ujenzi kwa namba ndogo. Njia kuu ya kitongoji niliitengea mita 20, katikati ikibaki njia ya changarawe ya kawaida na pembeni watu wakiendelea kulima mbaazi na mihogo, vitu vinavyovunwa na kuondoka. Mkorosho hapana, nyumba ndiyo kabisa.

Kwenye utetezi mmoja wa walimu aliniambia nimefanya uchoyo wa ardhi kwa mahali penye watu 18 kwa kilomita ya mraba. Hoja yake si ya kupuuza. Mita 20 zikichukuliwa kwenye shamba la ekari moja ni kipande kinachoonekana, na kama watu hawatakuja, kama karanga zilivyokataa kuja, utakuwa umemzuia mkulima kupanda zao la kudumu kwa ajili ya wageni wa kwenye makaratasi. Nilimjibu kwamba mbaazi zitakuwa zimevunwa mara ishirini katika muda huo, na reli iliwagharimu pauni. Sijui kama aliridhika. Alama alinipa.

Mwisho wa muhula nilikwenda Naipingo kumwona Bibi. Nilimweleza mpango, nikachora chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mjukuu wangu, miche yangu mipya niipande wapi?"

Nilihesabu hatua kutoka katikati ya njia, nikaweka jiwe. Alilitazama, akalisogeza ndani zaidi hatua tano, akasema hao watu wako mimi nimeshawaona wakija na kamba zao, huwa wanapima mara mbili. Miche aliipanda Januari mvua zilipokolea, nyuma ya jiwe lake. Ng'ambo ya njia, jirani aliyehamia kutoka Ruangwa alikuwa ameshamwaga msingi wa nyumba ya vyumba vitatu. Nilipima kwa macho. Kutoka katikati ya njia ni hatua tisa.